Picha iliyosifiwa si ya mkono wangu, na sasa wanataka ishirini kama ile

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu hii kila wiki na sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, maana tatizo langu si la ndoa wala la mawifi. Ni la picha. Naomba univumilie.

Mimi ni mchoraji. Nilihamia nchi hii miaka tisa iliyopita na begi moja na michoro niliyoiviringisha ndani ya bomba la plastiki. Usiku nafua mashuka ya hospitali, asubuhi nalala kwa muda wa saa nne au tano, nikiamka nachora mpaka wakati wa zamu. Nachora watu: wale niliowaacha, na hawa ninaopanda nao basi la alfajiri sote tukinuka dawa ya kufulia. Katika miaka hiyo tisa nimeuza picha za kuhesabika, nyingi kwa wahamiaji wenzangu wanaolipa kidogo kidogo, na wengine mpaka leo hawajamaliza.

Miezi mitatu iliyopita yalitangazwa maonyesho ya wasanii wahamiaji. Kila mtu apeleke picha tatu. Mimi nilikuwa na mbili, na ya tatu ikanishinda. Ilikuwa picha ya watu waliokaa wakisubiri kuitwa katika ofisi ya uhamiaji. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa uso mmoja, ambao niliuchora na kuufuta mara nne. Zikabaki siku tatu.

Naishi na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, fundi wa kompyuta. Akaniambia, "Shangazi, unajitesa bure." Akachukua picha za kazi zangu thelathini zilizokuwa kwenye simu yangu, akazilisha programu ya akili mnemba hadi ikajua mtindo wangu. Kisha akasema, haya, eleza unachotaka. Nikaeleza: wahamiaji wamekaa wanasubiri. Tukabadilisha maneno mara kumi na moja. Ile ya kumi na moja ilinitoa machozi kwa uzuri. Mistari ni yangu. Buluu ni yangu, ile ninayoichanganya mwenyewe. Tukaichapisha kwenye kanvasi, nami nikapitisha brashi hapa na pale ili ionekane ina mkono. Nikatia sahihi.

Umeshakisia. Ndiyo iliyopendwa. Mbele ya zile mbili nilizozihangaikia miezi saba watu walipita kama wanaotafuta choo. Mbele ya ile walisimama, wengine na mkono kifuani. Jaji mmoja aliniambia hajawahi kuuona uchungu wa mhamiaji ukionyeshwa kwa ukweli namna ile. Amejitolea kuniandikia barua ya kunipendekeza, na mimi nilikuwa nimepanga kuiambatanisha na ombi langu la kibali cha kuishi kama msanii, kwa sababu kibali nilicho nacho kinakaribia kwisha. Na mwenye jumba moja la sanaa anataka picha ishirini "kama ile" ndani ya wiki sita.

Kuna jambo moja zaidi. Siku ya ufunguzi alikuja bibi mmoja, mhamiaji kama mimi, akasimama muda mrefu mbele ya picha ile. Akaniuliza, "Huyu wa mwisho kulia, mwenye kitambaa cha njano, ni nani?" Nikakosa la kusema. Nikamjibu, "Ni mtu tu." Akanitazama, akasema "Ahaa," akaenda zake. Tangu siku hiyo sijashika brashi.

Kijana anasema picha ni yangu kwa sababu mashine ilijifunza kwangu, na kwamba brashi ni chombo na programu ni chombo vilevile. Ana haki? Nizikubali zile ishirini? Na swali linaloninyima usingizi ule mchache nilio nao: kama watu wameipenda ya mashine kuliko zangu, mkono wangu una kazi gani tena?

Mkono Mzito, ughaibuni

JIBU

Marahaba, Mkono Mzito.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikukasirikia wewe. Mara ya pili nikamkasirikia jaji. Mara ya tatu nikatambua kwamba katika kisa chote hiki aliyetazama picha kwa macho yake ni mmoja tu, yule bibi, na kwamba hata wewe unajua hivyo, ndiyo maana umemweka mwisho kama mtu anayetaja ugonjwa wake akiwa ameshafika mlangoni kwa daktari.

Nianze na hilo linalokuuma, kwamba waliipenda.

Programu hizi hulishwa picha zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maneno yaliyoandikwa kando yake. Mkusanyiko mmoja uliotumika sana, LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, ulikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo. Sasa jiulize: katika mabilioni hayo, zile zenye neno "mhamiaji" zilipigwa na nani, na maelezo yake aliyaandika nani? Si wewe. Si yule unayesinzia naye begani kwenye basi. Wengi wao ni waandishi wa habari, watu wa matangazo na mashirika ya misaada, kila mmoja na haja yake. Mashine ikiombwa mhamiaji huleta yule anayefanana na wengi wa hao. Mwaka 2023 waandishi wa jarida la Rest of World waliiagiza programu ya Midjourney picha 3,000 za watu na vitu vya nchi mbalimbali. Wakiomba "mtu wa India", karibu kila mara walipewa mzee mwenye ndevu. Wakiomba "mtu wa Mexico", wakapewa mwanamume aliyevaa sombrero, ile kofia pana. Mashine haikuwa na nia mbaya. Ilirudisha kile ilichopewa kwa wingi.

Kwa hiyo wale waliosimama na mikono vifuani walikutana na mhamiaji ambaye walikuja naye kutoka nyumbani kwao, kichwani. Safari hii amevaa mistari yako na buluu yako, basi. Kukutana na unayemjua ni raha, na jaji akaiita raha hiyo ukweli. Zile mbili zako ziliwaonyesha mtu wasiyemjua, na mtu usiyemjua anahitaji muda, na siku ya ufunguzi hakuna mwenye muda. Watu wameshika vinywaji.

Hapo nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sijaziona hizo picha mbili. Huenda ni nzuri zikakosa macho, na huenda ni dhaifu. Miezi saba ya jasho haiifanyi picha kuwa nzuri, kama ambavyo kushona usiku kucha hakulifanyi gauni likukae. Wapo watakaokuambia kila kilichotoka mkononi mwa mtu kina roho na kila kilichotoka kwenye mashine hakina. Maneno hayo ni matamu lakini hayakusaidii, kwa sababu ulishaona kwa macho yako watu wakiguswa mbele ya kazi ya mashine, nawe ukiwa wa kwanza. Tuiache roho kwa wanaoijua. Mimi nashika lile swali: huyu ni nani?

Unamjua msanii Lubaina Himid? Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1991 waandaaji wa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, waliweka kikomo cha umri wa miaka 50. Walipokiondoa mwaka 2017, yeye akaichukua mwaka uleule akiwa na miaka 63, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata. Lakini si tuzo ninayotaka uione. Ni kazi yake ya mwaka 2004: watu mia moja wa mbao, wakubwa kama watu halisi, amewakata na kuwapaka rangi mmoja mmoja. Ni Waafrika waliofanywa watumishi katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya. Wapo wapiga ngoma, wachora ramani, washona viatu, wafunza mbwa, wafinyanzi, wanaotengeneza vitu vya kuchezea watoto. Ukizunguka nyuma ya kila mmoja unakuta maandishi: jina lake la asili, jina alilopachikwa na bwana wake, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, na anayofanyishwa sasa. Watu mia moja. Yule bibi aliyeuliza habari za kitambaa cha njano angeweza kumnyooshea kidole yeyote kati ya hao mia akauliza ni nani, na akajibiwa.

Hebu fikiri kazi hiyo ingefanywa na programu ile. Mia moja wangetoka kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu, tena wakiwa wazuri. Na mtu akiuliza, huyu wa sabini na tatu ni nani? "Ni mtu tu."

Ndiyo maana swali lile lilikuchoma. Wewe ni mhamiaji. Miaka tisa unaulizwa maswali dirishani: jina, umetoka wapi, kwa nini ulikuja, utaondoka lini. Unayajibu kwenye visanduku vidogo vya fomu ambamo hata jina lako halienei. Kwenye picha ndipo mahali pekee ambapo wewe ndiye unayeamua nani ajulikane na kwa lipi. Unajua yule mwanamume anayeshika bahasha kwa mikono miwili anaogopa nini. Unajua kwa nini mtoto yule amevalishwa viatu vya kaka yake. Mtu akikuuliza unaweza kumjibu, unaweza kukataa kumjibu, unaweza hata kumdanganya kwa sababu zako, lakini hayo yote ni majibu, na yana mwenyewe. Kazi ya mkono, kwa hesabu yangu mimi nisiyejua kuchora (nikichora kuku watoto huniuliza kama ni birika), ni ile yenye mtu wa kuulizwa. Siku ile uliulizwa, ukajikuta huna habari zaidi ya muulizaji. Ulikuwa mgeni kwenye picha yenye sahihi yako. Wewe ambaye ugeni umekuchosha.

Sasa hoja ya kijana wetu. (Na mimi ni shangazi kama wewe, najua raha ya kumwona mtoto wa kaka ana akili, na najua tunavyowaachia mengi.) Anasema mashine ilijifunza kwako. Ilijifunza kwako kumalizia. Iliyatafuna kwanza mabilioni ya picha za watu wengine, wengi wao wachoraji wenye njaa kama wewe ambao hawakuombwa ruhusa, na baadhi yao wamekwenda mahakamani California tangu Januari 2023. Thelathini zako ni nguo iliyovishwa mwili uliokwisha kuumbwa. Brashi haiji na maoni yake kuhusu wahamiaji. Ile ilikuja nayo.

Hata wanasheria wameukwaa mzizi huohuo. Mwaka 2022 huko Colorado, Marekani, mtu alishinda zawadi kwa picha aliyoiagiza kwa Midjourney. Alieleza kwamba alibadilisha maelekezo mara zisizopungua 624. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliikataa picha hiyo mwaka uliofuata, kwa kuwa hakutaka kuzitenga sehemu zilizotengenezwa na mashine. Januari 2025 ofisi hiyo ikaeleza tena kwamba maelekezo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi. Anachokichora au kukipanga mwenyewe juu yake ndicho kinachoweza kulindwa. Mara 624, mwanangu. Nyinyi mlibadilisha mara kumi na moja. Nchi nyingine zina sheria zake, lakini swali wanalouliza linafanana.

Zile thelathini zako za zamani, kwa upande mwingine, ni zako, na ugeni wako haupunguzi chochote. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi zaidi ya 180, unasema hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa, bila kuisajili, na kwamba mgeni kutoka nchi mwanachama analindwa sawa na mwenyeji. Kwa hiyo mketishe kijana, msome pamoja masharti ya programu hiyo, mjue wenye programu wamejipa ruhusa gani juu ya picha alizoziingiza. Kama kuna sehemu ya kuzifuta, zifuteni.

Halafu kuna barua ya jaji. Hapa siulizi, naagiza. Usiiambatanishe. Kwa nini? Ombi la kibali cha msanii linasimama juu ya kazi zako na sifa zako, na barua hiyo inasifu kazi ambayo hukuifanya. Ukiipeleka utakuwa umetoka kwenye kudanganya watu wenye vinywaji mkononi na kuingia kwenye kuidanganya ofisi ya uhamiaji. Marekani, kwa mfano, kupotosha kwa makusudi jambo la msingi ili upate viza kunaweza kukufungia mlango wa kuingia nchini humo maisha yako yote, na nchi nyingine nazo hazicheki na jambo hilo. Miaka tisa ya mashuka usiipeleke kamari kwa ajili ya karatasi moja. Mwone mwanasheria wa uhamiaji, hata wa msaada wa bure, umweleze yote, na ile picha pia.

Na picha yenyewe iseme. Waandaaji wa maonyesho waandikie leo, kabla hujaenda zamu, kwa sababu kesho utapata sababu ya kungoja. Usiandike insha ya majuto. Andika kwamba picha ya tatu ilitengenezwa kwa programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa kazi zako, ukaichapisha na kuipaka rangi juu. Kwamba hukueleza hivyo ulipoileta. Kwamba unaomba iondolewe au ibandikwe maelezo ya kweli. Na kwamba zile mbili ni za mkono wako. Mistari minne. Jaji naye mpelekee hiyohiyo. Kama hakukuwa na sheria ya kukataza mashine watajua wao la kufanya. Wewe unajua fika kwamba ulificha. Uliniandikia mwenyewe: ulipitisha brashi "ili ionekane ina mkono". Nilipofika hapo nilisimama. Mchoraji wa miaka yote hiyo, na brashi yake imegeuka vipodozi.

Utaaibika, ndiyo. Kidogo au sana, siwezi kujua. Baadhi ya watu watasema wahamiaji ndivyo walivyo, na hilo litakuuma kuliko lingine lolote kwa sababu wenzako nao watabebeshwa. Lakini ukweli ukitoka kwako ni barua. Ukitoka kwa mwingine ni kashfa. Na unatoka, maana picha hizi zina macho ya kuzigundua. Kuna atakayehesabu vidole, akute kimoja kimezidi.

Picha ishirini kwa wiki sita? Kataa. Mwenye jumba la sanaa hataki wewe, anataka "kama ile", na "kama ile" anaweza kuiagiza mwenyewe akiwa amekaa. Mweleze ulichowaeleza waandaaji, kisha mwambie una picha mbili na nyingine zinakuja. Akiondoka, ameondoka. Akibaki, mna la kuzungumza.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hukukiuliza. Mimi naona ndicho kiini cha mambo yote. Wewe umechoka. Mtu anayelala kwa saa nne tu, anayekimbizana na tarehe, anayechora kanvasi kubwa katikati ya zamu mbili, akiletewa mashine inayomaliza kazi kwa dakika ataikubali, na asiyeikubali huenda hajawahi kufua mashuka usiku. Sikusamehe, lakini naelewa.

Kwa hiyo sikiliza habari za Ibrahim El-Salahi. Huyu ni mchoraji wa Sudan aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1975 alitupwa gerezani bila kufunguliwa mashtaka, akakaa miezi sita. Kuandika au kuchora kulikatazwa. Akawa anachora kwenye vipande vya karatasi, kisha anavifukia mchangani walinzi wasivione. Alipotoka, akaihama nchi, lakini namna ile ya kuchora hakuiacha. Picha zake kubwa aliziotesha kutoka kipande kidogo kimoja: anachora, anaongeza kipande pembeni, halafu kingine, mpaka inakuwa ukuta mzima. Anaishi Uingereza, na mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake, wa kwanza kutoka Afrika kupewa heshima hiyo pale. Uzeeni, mgongo unauma na mwili unatetemeka kwa maradhi, hakutafuta kanvasi. Alichora kwa kalamu nyuma ya pakiti za dawa zake. Vijipicha hivyo vimetundikwa kwenye maonyesho New York.

Unaona ninakoelekea. Acha kanvasi kubwa kwa sasa. Chukua karatasi za ukubwa wa kiganja, kiasi unachoweza kumaliza kwa saa moja kabla ya kulala, uchore mtu mmoja tu. Kesho mwingine. Ile ofisi ya kusubiri iote yenyewe kwa vipande, kila kipande kina mtu, kila mtu una habari zake. Ukipata ishirini kwa mwaka, sawa. Haitakuwa na ulaini wa ile ya mashine. Maungio yataonekana, na rangi ya Jumanne haitalingana na ya Alhamisi kwa sababu Jumanne ulikuwa umekasirika. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971 kwa ajili ya masomo ya sanaa ya biashara, aliishia kufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, ufundi alioongezewa na akina mama wafinyanzi wa Nigeria. Hakwenda kule akiwa hajui kwamba gurudumu lipo.

Mpwa usimfukuze. Alikuona unateseka akaleta alichokuwa nacho, na kwa umri wake huo ni upendo. Akili mnemba hiyohiyo ikusaidie kunyoosha lugha ya barua zako za kiofisi na kupanga orodha ya kazi zako. Sioni ubaya, mradi ukaguzi wa mwisho uwe wako. Picha tu aziache. Na akitaka kukusaidia kweli, achukue zamu ya kupika na kufagia siku mbili kwa wiki. Saa hizo ndizo programu isizoweza kukupa.

Yule bibi mtafute. Waandaaji huenda wana daftari la wageni. Mwambie ukweli kwamba hukumjua mwenye kitambaa cha njano kwa sababu hayupo. Kisha muulize yeye alidhani ni nani. Mtu hasimami muda wote ule mbele ya mtu asiyemfananisha na yeyote.

Na mwisho, Mkono Mzito, umeniandikia uso ulioufuta mara nne. Umeniambia habari za buluu, habari za simu, hata habari za wanaotafuta choo. Hukuniambia uso ule ni wa nani. Karatasi ya kwanza ya kiganja iwe hiyo, na ukishaimaliza nitumie jina lake.

Shangazi